Unga wa njano alioukataa mama ulivyotuketisha meza moja

MAMA yangu aliapa mwaka 2002 kwamba unga wa njano hautavuka tena kizingiti cha nyumba yake. Aliapa siku tuliporudi Uganda, tukiwa tumesimama upande wa Mpondwe na mabunda yetu, vumbi la Kasindi likiwa bado miguuni. "Huo ni unga wa foleni," alisema. "Mimi nimemaliza kupanga foleni."

Kiapo hicho kilidumu miaka 22. Kilivunjika Jumapili moja ya Desemba 2024 nyumbani kwangu Bwera, na aliyekivunja ni mimi binti yake. Nilipika polenta, ambayo ni ugali wa Waitaliano, nikaimwaga juu ya ubao katikati ya meza, na watu kumi na mmoja wakala kutoka ubao huo mmoja. Miongoni mwao alikuwamo kaka yangu, ambaye mama hakuwa amekula naye tangu mwaka 2020.

Walimu wenzangu na akina mama wa soko la Mpondwe wameniuliza mara nyingi chakula hicho hupikwaje. Nitaeleza hatua kwa hatua. Lakini kwanza msomaji anivumilie nieleze kilikotoka, kwa maana wengi wetu huku mpakani tumerudi na mambo tuliyojifunza ugenini, na mara nyingi tunayaficha kama nguo ya kuazima.

Tulivyovuka Lhubiriha

Nilikuwa na miaka minne mwaka 1985, vita vya msituni vilipofika Kasese. Baba alitubeba usiku, tukavuka mto Lhubiriha, tukaingia nchi ambayo wakati huo iliitwa Zaire. Hatukuwa wageni kabisa. Wakonzo wa huku na Wanande wa kule ni watu wa nyumba moja waliogawanywa na mstari wa wakoloni. Kaka yangu, kwa mfano, huku Bwera ni Bwambale, lakini kule Beni wanamwita Kambale. Ni jina lile lile la mtoto wa pili wa kiume, limebadilishwa kichwa tu.

Hata hivyo mkimbizi ni mkimbizi, hata akiwa kwa shangazi yake. Mwaka wa kwanza hatukuwa na shamba. Parokia ilipogawa unga wa msaada, mama alipanga foleni tangu alfajiri, mimi nikiwa mgongoni. Unga ulikuwa wa njano, wa mahindi yaliyotoka ng'ambo, na ulikuwa na harufu ya gunia. Wenyeji waliokuwa na mihogo yao walituchungulia tukiusonga. Watoto wao walituimbia. Mama hakusahau.

Tulitaka kurudi mapema. Mwaka 1996 tulikuwa tumefunga mizigo, lakini Novemba 13 mwaka huo waasi wa ADF wakashambulia Mpondwe, tukaifungua tena. Ndiyo maana mimi nilisoma kule kuanzia darasa la kwanza hadi mtihani wa serikali, na ndiyo maana Kiswahili changu kina harufu ya Butembo hata leo ninapokifundisha Uganda. Tuliporudi mwaka 2002, kaka alibaki Beni na biashara yake ya vitenge na mawese. "Mtu mmoja abaki na mlango wa pili," baba alisema.

Sista na mwiko mrefu

Nilipofika sekondari nilipelekwa shule ya bweni ya masista, mbali na nyumbani. Jikoni alikuwako sista mmoja Mwitaliano, mzaliwa wa milima ya Bergamo, mwanamke mfupi mwenye mikono kama ya fundi seremala. Kila sikukuu alipika chakula cha kwao. Siku ya kwanza nilipoona unga wa njano ukimiminwa kwenye sufuria, nilitoka nje. Nilidhani tumerudishwa kwenye foleni.

Alinifuata. Aliniuliza kwa Kiswahili chake kilichovunjika kwa nini nalia. Nilipomwambia, alicheka, kisha akaacha kucheka. Akasema kwamba kwao Waitaliano wa kusini huwatukana wa kaskazini kwa neno "polentoni", yaani walaji wa polenta. Akasema bibi yake alikula unga huo kwa sababu hapakuwa na kingine, na yeye anaupika kwa sababu anampenda bibi yake. Kisha akanipa mwiko.

Maneno hayo niliyaelewa nilipokuwa mtu mzima na kusoma habari zaidi. Mahindi hayakuanzia Italia, kama ambavyo hayakuanzia kwetu. Asili yake ni Amerika, na kaskazini mwa Italia yaliingia katika karne ya 16. Kabla ya hapo polenta ilipikwa kwa nafaka nyingine kama uwele, na hata kwa unga wa njugu za miti. Nasi tulikuwa na wimbi na mtama kabla ya posho. Mahindi yalizaa sana, wenye mashamba wakauza ngano, mkulima akabaki na mahindi peke yake asubuhi, mchana na jioni.

Hapo ndipo balaa lilipoingia. Watu wa vijiji vya kaskazini mwa Italia walianza kuugua: ngozi ikakauka na kubambuka penye jua, tumbo likaharisha, akili ikavurugika, wengi wakafa. Daktari Francesco Frapolli wa Milano aliuita ugonjwa huo pelagra mwaka 1771, maana yake ngozi yenye kukwaruza. Zaidi ya karne moja baadaye ilijulikana kuwa chanzo ni upungufu wa vitamini moja ya kundi B, ambayo katika mahindi imefungwa kiasi kwamba mwili hauipati. Wenyeji wa Amerika waliifungua kwa kuchemsha mahindi na chokaa au majivu. Wazungu walichukua mbegu, wakaacha maarifa.

Nasi wa makambi tusidhani hayo ni ya zamani. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliugua pelagra kwa maelfu, pale karanga zilipokosekana katika mgawo wao na kubaki unga wa mahindi. Basi somo la kwanza la polenta ni hili: usiile peke yake. Maharage, karanga, maziwa, nyama au samaki lazima viwepo. Kwa hiyo mama, alipouchukia ule unga mtupu, hakukosea.

Italia iliyo mlimani kwetu

Mtu wa Kasese asione Italia ni mbali. Kilele kirefu kuliko vyote cha Rwenzori, chenye mita 5,109, kinaitwa Margherita, jina la malkia wa Italia. Aliyekipa jina hilo ni Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, aliyefika kileleni Juni 1906 pamoja na waongozaji wa milima ya Alps, na mpigapicha Vittorio Sella akiwa katika msafara wake. Baba yangu alikuwa akisema kwa utani kwamba Waitaliano walipanda kwetu wakaacha majina, basi nasi tuna haki ya kuchukua chochote chao.

Nyumba za zamani za kule hupika polenta katika chungu cha shaba. Sisi tulikuwa na shaba Kilembe, iliyochimbwa tangu miaka ya 1950 hadi uchimbaji uliposimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini iliyeyushwa Jinja na kuuzwa nje. Sijawahi kuona sufuria ya shaba ya Kilembe katika jiko la mtu wa Kilembe. Usihangaike, sufuria nzito yoyote inatosha.

Kilichowatenga mama na kaka

Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa sababu ya korona. Malori ya mizigo yalipita, watu hawakuruhusiwa. Mwezi uliofuata baba alifariki, akazikwa Bwera na watu wachache kama ilivyoamriwa. Kaka hakuja.

Mama angeweza kumsamehe kama mto ungekuwa na mamba. Lakini Lhubiriha kila mmoja wetu anaujua. Wakati wa kiangazi maji yanafika magotini. Wiki ile ile ya mazishi wabebaji wa magunia walivuka usiku kwa njia za panya, na mama aliwaona. "Wenye kahawa walivuka," alikuwa akisema, "mwenye baba alishindwa." Alisema hivyo miaka minne. Kaka alipokuja baada ya mpaka kufunguliwa, mama alimpikia, akampakulia, kisha akaenda kukaa jikoni mpaka amalize.

Katika nyumba nyingi za huku, jambo kama hilo lingemalizwa na sinia moja. Lakini sinia nalo lilikuwa limeondoka. Juni 2019 Ebola ilivuka kutoka Kongo ikafika kwetu, na mtoto wa miaka mitano akafariki katika kituo cha matibabu hapa Bwera. Tuliacha kushikana mikono. Tuliacha kula pamoja, kila mtu na sahani yake. Ilikuwa lazima, na siijutii, kwa maana iliokoa maisha. Kisha ikaja korona. Hatari ilipopita, sahani zilibaki. Watoto wangu walikuwa hawajui kula na mtu.

Halafu ikaja Juni 16, 2023, usiku ule waasi wa ADF waliposhambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha pale Mpondwe, na wanafunzi 37 wakauawa. Mimi ni mwalimu wa eneo hili. Siwezi kuandika zaidi ya hapo. Nasema tu kwamba tangu siku hiyo, jioni ikifika, nawahesabu watu wa nyumba yangu.

Desemba 2024 kaka alikuja na mke wake na watoto wanne. Kijiji cha wakwe zake karibu na Beni kilikuwa kimeshambuliwa, hakutaka kungoja zamu yake. Mama alikuwa amekuja kutoka Kasese kunisalimu. Nyumba ikajaa. Nilihesabu watu kumi na mmoja, na sahani zangu zilikuwa nane.

Namna ya kupika

Vipimo hivi ni vya watu kumi hadi kumi na wawili.

Unga. Nunua mahindi ya njano mazima, kilo 2, siyo unga uliokwisha kuchanganywa kwa ajili ya kuku. Yachambue kwa mkono na kutupa punje zote zenye ukungu au zilizobadilika rangi, kwa sababu humo ndimo hukaa sumukuvu. Wafanyabiashara wetu wanaikumbuka vizuri Machi 2021, Kenya ilipozuia kwa siku chache mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hiyo. Mwambie mwenye mashine asiyakoboe, na aweke chekeche lenye matundu makubwa. Atakushangaa, mwache ashangae. Ukifika nyumbani chekecha: unga laini uwe wa uji wa watoto, chenga zilizobaki ndizo za polenta. Unahitaji kilo 1 ya chenga.

Kama huna mahindi ya njano, tumia meupe. Upande wa Venice hupika polenta nyeupe na kuila na samaki. Kwa hiyo mtu wa Katwe mwenye ngege wa Ziwa Edward asijione mnyonge.

Mchuzi. Anza na huu, maana unataka saa mbili. Nyama ya mbuzi kilo 1 na nusu, vipande vidogo. Vitunguu maji vinne, karoti mbili, punje nne za kitunguu saumu, nyanya zilizoiva kilo 2, mafuta vijiko vitatu vya chakula. Kaanga nyama mpaka iwe ya kahawia, itoe. Kaanga vitunguu na karoti taratibu katika mafuta hayo hayo, kisha kitunguu saumu, kisha nyanya. Rudisha nyama, ongeza maji kidogo na chumvi, funika, acha ichemke polepole juu ya sigiri yenye makaa machache. Karibu na mwisho tia nusu kilo ya maharage uliyokwisha kuchemsha. Maharage hayo ni nyongeza yangu, kwa ajili ya habari ile ya pelagra.

Polenta. Chemsha maji lita 4 katika sufuria kubwa, uwe na lita 1 nyingine ya maji ya moto pembeni. Tia chumvi vijiko viwili vya chakula, visijae sana. Maji yakitokota, mimina chenga kwa mkono wa kushoto kidogo kidogo, kama mvua ya manyunyu, mkono wa kulia ukikoroga bila kusimama. Ukimwaga kwa pupa, madonge utakayopata hayatakwisha.

Hapa ndipo polenta na posho zinapoachana. Posho huiva kwa dakika kumi au kumi na tano, nayo husongwa mpaka ikaze. Polenta ni nyepesi, hukorogwa, na hutaka dakika 45 hadi saa nzima kwa sababu chenga hunywa maji polepole. Punguza moto. Koroga mfululizo dakika kumi za kwanza, baadaye kila baada ya dakika mbili tatu, ukikwangua chini. Ikizidi kukaza, ongeza maji ya moto kikombe kimoja kimoja. Tumia mwiko mrefu, kwa maana ikitokota hurusha, na inaunguza vibaya. Iko tayari inapoachana na kuta za sufuria na ukiionja huhisi mchanga tena ulimini.

Ubao. Mimi nilichongewa ubao wa mvule wenye urefu wa mita moja hivi, haukupakwa rangi wala vanishi. Usugue kwa maji yanayochemka kabla na baada. Weka katikati ya meza. Mimina polenta, itandaze kwa mwiko iwe na unene wa kidole kimoja, subiri dakika tatu ishike. Mwaga mchuzi juu, nyama uirundike katikati. Ukipata jibini la Masisi, ambalo wengine huliita la Goma, likwangue juu yake. Pembeni weka sombe.

Sheria ya mezani, kama alivyonifundisha sista: kila mtu na kijiko chake, kila mtu aanze ukingoni kwake na kula kuelekea katikati. Huruki mpaka wa jirani. Kwa njia hiyo hakuna anayegusa chakula cha mwenziwe, na mnakula pamoja. Na kunawa mikono kwa sabuni hakukuondoka na Ebola, kubaki.

Kilichotokea

Mama alipouona alisimama mlangoni. "Umeniletea nini?" aliniuliza.

Nikamjibu, "Mama, ni bugali wa sista. Nilikuwa nakusimulia."

"Ni unga wa foleni."

"Ndiyo, mama. Lakini huu nimeununua Kasese kwa hela yangu, nikausimamia mashineni."

Alikaa, nadhani kwa ajili ya wajukuu waliokuwa tayari wameshika vijiko. Kiti kilichobaki kilikuwa kinatazamana na cha kaka. Sikukipanga hivyo, ingawa mume wangu hadi leo haniamini.

Tulianza. Watoto walichora mipaka yao kwa kijiko, wakaanza kulaumiana kwamba fulani amevuka bila kibali, na yule mdogo akawa afisa wa forodha. Watu wazima tulicheka. Kaka hakucheka. Alikuwa amekula njia nyembamba iliyonyooka, kutoka kwake kuelekea upande wa mama, kisha akaweka kijiko chini.

"Mama," alisema bila kuinua macho, "siku ya mazishi nilikuwa Kasindi."

Mama hakujibu.

"Nilifika asubuhi. Nilishuka mtoni. Watu walikuwa wanavushwa, nilikuwa na hela ya kuwalipa. Lakini mwanangu alikuwa na homa siku tatu, nami nilikuwa nakohoa. Nikafikiri, nikiwaletea ugonjwa juu ya msiba? Nilikaa kwenye jiwe mpaka nikasikia nyimbo. Kisha nikarudi Beni."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje, mama? Kwamba nilikuwa karibu hivyo na sikuvuka?"

Nilisikia kijiko cha mama kikikwaruza ubao. Alikuwa anasukuma nyama. Alitoa vipande vya katikati, kimoja baada ya kingine, akavipitisha kwenye ile njia nyembamba aliyoichimba kaka, mpaka vikafika upande wake. "Kula, Bwambale," alisema. "Chakula kinapoa."

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Sitadai kwamba unga unaponya kila kitu. Kaka bado hajui kama atarudi Beni, na mama bado hukaa kimya mwezi wa nne ukifika. Lakini usiku ule hakwenda kukaa jikoni.

Kilichobaki tulikikata asubuhi kwa uzi, kama Waitaliano wanavyofanya, tukakichoma juu ya makaa na kukila kwa chai. Kwa ninyi mnaoamka alfajiri kuwahi soko, hicho ni kifungua kinywa kinachobebeka katika kitambaa, hakimwagiki na hakihitaji sahani. Jaribuni, na ninyi mliorudi na mapishi ya Bunia, ya Nairobi, ya Juba au ya kwingineko, msiyafiche. Tuliyalipia.

Mama aliporudi Kasese nilitaka kuuweka ubao stoo. Akanizuia. "Unga wako siupendi hata sasa," alisema. "Lakini huo ubao uuache hapo hapo mezani."